Bango Nililoambiwa Nichome

Dada yangu Phanice Nangila aliuza sidiria za mitumba katika soko la Mbale kwa miaka kumi na mmoja, na muda huo wote hakuna mnunuzi hata mmoja aliyejua kwamba ana virusi. Mimi nilijua. Alinieleza mwaka aliofiwa na mumewe, tukiwa nyuma ya nyumba ya mama kule Bungoma.

"Bramwel," alisema, "hili ni langu na lako. Mbale hapana. Siku Mbale wakijua, mimi nimekwisha."

Sikuliona kuwa neno zito. Watu husema wamekwisha hata wakikosa chumvi.

Baada ya hapo alirudi kwenye biashara yake, nami nikarudi Jinja, ambako natunza ukumbi wa kanisa. Nafagia, napanga viti, nashika funguo. Mimi ni mzee wa kanisa pia, na naliandika hilo mapema ili msomaji ajue ni mtu wa namna gani aliyefanya yatakayofuata.

Nangila alikuwa na kazi ya pili ambayo hakulipwa sana. Chini ya rundo la sidiria aliweka kondomu na vile vipimo ambavyo mtu anajipima mwenyewe kwa mate. Mwanamke akija kuchagua nguo, Nangila alimpima kifua kwa macho, akamtajia saizi, kisha akamnong'oneza habari ya kupima damu na kutibu magonjwa ya zinaa mapema. Saa za joto alikwenda kwenye maegesho ya malori ya barabara ya Kenya. Huko hakunong'ona. Habibah, muuza vitunguu wa meza ya pili kutoka kwake, alifuatana naye siku moja akasikia akimwita dereva mmoja Mjaluo:

"Ooko! Gari unalipima oili kila asubuhi. Damu yako unaipima lini?"

"Mama, oili yangu ni safi."

"Kila aliyeunguza injini alisema hivyohivyo."

Madereva wenzake walicheka, na Ooko akashuka akichekacheka. Alichukua kipimo, akakificha ndani ya kofia.

Walimjua kama mama wa afya, mjane mcheshi. Basi.

Dawa zake mwenyewe zilipitia kwa Daphine. Huyu ni dada wa Kisoga mwenye shirika dogo Jinja linalowaunganisha watu wenye virusi wa upande huu wa mashariki. Mbale alikuwa amewapanga sita sita. Kila baada ya miezi mitatu mmoja wa sita alikwenda Jinja kuwachukulia wote dawa, zamu kwa zamu. Mwaka jana, msaada wa nje ulipokatika na kliniki ndogo ya barabarani ikafungwa, foleni ilihamia hospitali, mahali ambapo nusu ya soko hupita. Kwa watu kama Nangila, lile kundi la sita ndilo lililokuwa mlango pekee.

Mwezi wa nane Daphine alikodi ukumbi wetu kwa mkutano wa siku tatu. Walikuja wakubwa wa wilaya, madaktari, watu wa makanisa na misikiti, na askari magereza wawili waliotumwa kusemea wenzao. Daphine alitaka wakubwa hao wasikie sauti ya mtu mwenyewe. Alimwomba Nangila. Nangila akakubali kwa masharti: simu zote ziwekwe kwenye kikapu mlangoni, asiyeandikishwa asiingie. Hivyo hata mimi mwenye funguo nilikaa nje. Alilala kwangu siku hizo tatu, na usiku wa pili aliniambia, "Leo nimesema mbele ya watu mia moja na sauti haikutetemeka." Nilimpongeza. Sikumuuliza zaidi.

Kile ambacho sikuuliza ni kwamba uso wake ulikuwa umechapwa kwenye bango kubwa la jukwaani, mita nne kwa tatu, na chini yake maneno: Naishi na VVU. Natumia dawa. Siambukizi. Sharti lake la mwisho lilikuwa juu ya hilo. Bango litundikwe kila asubuhi, likunjwe kila jioni, na siku ya tatu lichomwe.

Siku ya tatu Daphine alinikuta nyuma ya ukumbi. Alikuwa na haraka, wageni wake wanangoja gari.

"Afande wa funguo," alisema, maana ndivyo alivyozoea kunitania, "haya mabango mawili madogo na lile kubwa, wewe choma. Choma kabisa."

"Nitachoma."

Nilichoma mawili madogo. Lile kubwa nililinyanyua, nikahisi uzito wake. Ilikuwa plastiki nene, mpya, yenye pete za chuma kwenye kingo, imefungwa kamba mara mbili. Kwetu hakuna mtu anayechoma kitu kinachoweza kuzuia mvua. Na Pasaka iliyotangulia Habibah alikuwa ameniambia, "Mzee Bramwel, nyinyi wa makanisani hamkosi turubai. Vitunguu vyangu vinaoza, na sidiria za dada yako zinaloa." Nilijiona natenda wema mara mbili kwa kitu kimoja. Asubuhi nilimpa dereva wa gari la Mbale ule mzigo ukiwa umefungwa vilevile.

Jioni Daphine alipiga simu. "Ulichoma?"

"Nimechoma."

"Yote?"

"Yote."

Niliuona kuwa uongo mdogo, uongo wa plastiki. Hata sikuutaja katika maombi.

Wiki mbili zikapita. Siku ya Alhamisi Daphine alikuja kurudisha viti, akanionyesha picha moja ya jukwaa waliyoipiga kwa ajili ya kabati la ofisi yao. "Tazama dada yako alivyopendeza," alisema. Nilitazama. Nangila mdogo amesimama na maikrofoni, na nyuma yake Nangila mkubwa, kichwa kikubwa kuliko mlango. Nikamrudishia picha nikasema imetoka vizuri.

Alipoondoka tu nilimpigia Habibah.

"Lile turubai, umeshalifungua?"

"Bado, Mzee. Nangoja mvua. Kwani lina nyoka?" Akacheka.

"Lina kasoro. Usilifungue. Jumatatu nakuletea jingine."

"Zawadi haina kasoro."

"Mama, nakuomba."

"Haya, Jumatatu."

Ningeweza kupanda gari saa ileile. Lakini Jumamosi kulikuwa na harusi mbili ukumbini, Jumapili ibada, nami nikajiambia mvua bado. Usiku nilitoka nje mara tatu kutazama anga. Jinja kulikuwa kweupe. Sikujua kwamba Mbale mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima tangu jioni.

Ijumaa mchana mvua ilishuka ghafla. Habibah alikuwa msikitini. Majirani zake wa meza, wakitaka kumsaidia, waliuvuta ule mzigo chini ya meza, wakakata kamba, wakalifunga turubai juu ya nguzo. Upande mweupe waliuweka juu kwa sababu mweupe haushiki joto. Picha ikawa ndani, inawatazama walio chini.

Habibah aliniambia yaliyofuata kama alivyoyakuta na kama alivyosimuliwa. Watu kama thelathini walikimbilia chini ya lile turubai kujikinga. Kwanza kulikuwa na makelele ya mvua. Kisha mmoja akainua kichwa, na mwingine, na wenye kusoma wakawasomea wasiosoma. Nangila alitoka kwenye malori akikimbia, mfuko kichwani, akajitosa humo akicheka, "Jamani, nisogezeeni!" Hakuna aliyecheka naye. Walimpisha, ndiyo, wakampisha kupita kiasi, mpaka akabaki peke yake katikati.

Muuza nyanya mmoja akasema, "Karibu, Nangila. Kumbe nyumba ni yako."

Akatazama juu.

Habibah aliporudi aliona nyuso zote zimeinuliwa na mvua inapiga. Alipanda juu ya kreti, akazikata kamba kwa kisu chake cha vitunguu, na turubai likawaangukia wote na maji yake. Nangila alikuwa akipanga sidiria ndani ya gunia, moja moja, kwa saizi.

"Umelitoa wapi?" alimuuliza Habibah.

"Dereva alileta. Kutoka Jinja."

Kabla ya magharibi Habibah alinipigia. "Jina lako sikulitaja. Mimi siwezi kutia kisu kati ya watoto wa tumbo moja. Hilo ni lako kulisema, Mzee, na uliseme upesi."

Dakika chache baadaye simu ya Nangila ikaingia. "Daphine ameniuza," alisema. "Yeye tu ndiye alikuwa nalo. Ameniuza, Bramwel."

Neno lilikuwa mdomoni. Nilisema, "Pole, dada yangu."

Jumatatu nilikwenda Mbale nikiwa nimekusudia kusema. Nilimkuta chumbani, gunia liko mlangoni halijafunguliwa. Alikuwa ameshampigia Daphine na kumtukana matusi ambayo sikujua kwamba anayajua. Daphine aliapa kwamba bango lilichomwa, na kiapo hicho ndicho kilichomkasirisha zaidi, kwa kuwa Nangila alikuwa amesimama chini ya bango lenyewe. Alikuwa ametoka katika kundi la sita. Na kwa hasira yake aliwaambia wenzake kwamba Daphine anauza watu, wajihadhari.

"Dawa utachukua wapi?" nilimuuliza.

"Ninazo za mwezi mmoja."

"Na baadaye?"

"Niende nikapange foleni hospitalini wanisomee tena? Baadaye Mungu anajua."

Nikasema tuombe. Niliomba kwa muda mrefu, kama mtu anayezunguka nyumba asiyotaka kuingia. Nilimwomba Mungu amsamehe aliyefanya jambo hili, yeyote yule.

"Amina," alisema Nangila. "Asamehe Yeye. Mimi bado."

Nilirudi Jinja na siri yangu.

Hakurudi tena katika soko lile. Alizunguka na gunia kwenye minada ya vijijini, mahali wasipomjua. Kila Jumapili nilimpigia, na kila Jumapili akasema yuko sawa. Mwezi wa kumi na moja nilimuuliza habari ya dawa. Akasema, "Nimeshasema niko sawa, unataka nikuimbie?" Nilifurahi kusikia anatania. Sauti ilikuwa nyembamba, nami nikaamua ni simu.

Mwaka huu, wiki ya pili ya Januari, Habibah alipiga. "Mzee, njoo. Dada yako anaumwa kichwa siku ya nane. Anatapika, na mwanga unamchoma." Kisha akauliza: "Na lile jambo, ulilisema?"

Nilimkuta amelala, kanga imetundikwa dirishani. Mwili ulikuwa umebaki mdogo kama wa msichana. Nilipiga magoti kando ya kitanda, na safari hii sikuomba.

"Nangila, si Daphine. Aliniambia nichome. Mimi ndiye niliyemtumia Habibah. Sikujua lina uso wako, lakini nilisema nimechoma, na nilipojua nikanyamaza."

Aliugeuzia ukuta uso wake. Nilidhani hakusikia.

"Miezi mitano," alisema mwishowe. "Miezi mitano umeniacha namchukia mtu bure."

"Ndiyo."

"Na ukaniombea."

"Ndiyo."

"Piga simu. Shika hapa sikioni, mkono hauna nguvu."

Nilishika. Daphine alipoitikia, dada yangu alisema, "Ni Nangila. Nilikutukana. Haikuwa wewe." Nilisikia Daphine akiuliza ni nani, basi, aliyelituma. Nangila alinitazama kwa macho yale yasiyotaka mwanga. "Mwenyewe atakuambia. Wewe njoo na dawa."

Daphine alifika na gari kabla ya jioni. Tulimpeleka hospitali. Madaktari walisema ni fangasi walioingia ubongoni, wanaowapata waliokaa muda mrefu bila dawa, na wakapigana nao kwa kila walichokuwa nacho. Siku ya pili alipata fahamu vizuri, akaniambia nitaje jina lake popote nitakapohitaji, na nisilifiche langu. Siku ya nne asubuhi alifariki. Mungu ampokee. Tulimzika Bungoma kando ya mama.

Makaburini nilimwambia Daphine yote. Alikwenda akakaa na wanawake. Walipoanza kuondoka alirudi, akasimama mbali nami kidogo.

"Katika lile kundi," alisema, "wawili wengine walitoka pamoja na yeye. Waliamini mimi nauza watu. Toka mwezi wa tisa hawa wawili hawana dawa."

Aliniandikia majina yao kwenye karatasi. Sitawataja hapa.

Tangu hapo, kila Jumatatu nafunga ukumbi, napanda gari kwenda Mbale. Habibah ananitembeza. Tunauliza kwenye minada, kwenye malori, kwenye nyumba za kupanga, bila kusema tunamtafutia mtu nini. Wa kwanza tulimpata mwezi wa pili, anafua nguo za watu. Nilimweleza nilichofanya, kwa jina langu, akanitemea mate miguuni, kisha akafuatana na Habibah kuchukua dawa.

Wa pili hatujampata. Simu yake imezimwa tangu Novemba. Mwenye nyumba anasema alihama akiwa anakohoa, na hakusema anakwenda wapi.