Mawe ya Kuchora Kwenye Ngema Yetu

Desemba iliyopita nilipanda nyumbani kama Wachagga wote tunavyopanda, kila mtu na gari lake na kila gari na vumbi lake, hadi waenda kwa miguu wakalazimika kupita migombani. Hata chai sikuwa nimekunywa. Bibi, ambaye siku hizi hatoki kitandani, alipokea shikamoo yangu, akanishika mkono, akaniomba kitu kimoja tu: jagi la maji ya ngemani. Basi nikashuka na jagi, mtu mzima mwenye mvi, kama nilivyokuwa nikishuka zamani kabla ya kwenda shule.

Kwenye kona nikasimama. Ngema yetu, ule ukuta wa ardhi uliokatwa wima na barabara ya kuteremkia mtoni, baba mdogo alikuwa ameipiga plasta ya saruji kutoka juu mpaka chini, halafu akaleta fundi akachora mawe juu ya saruji. Nisikilize vizuri, rafiki yangu: alifunika mawe, kisha akachora mawe. Ya kahawia na ya kijivu, yenye mistari myeupe katikati, yote yanalingana kama mikate ya dukani. Mbele yake ndugu zangu walikuwa wamejipanga na nguo za Krismasi, wanapiga picha.

Mimi ngema ile ninaijua tumboni mwake. Mwalimu wetu wa jiografia alituteremsha pale msimu mzima wa baridi, ukungu umetanda na majani ya kahawa yanadondosha maji. Alizaliwa huko chini kwenye mashamba ya miwa, nchi tambarare, na kwake ardhi iliyokatwa wazi namna ile ilikuwa muujiza. Tulipima kila tabaka kwa kamba ya katani yenye mafundo, tukalichora, tukachukua udongo kidogo, tukautemea mate na kuupaka kwenye karatasi ili rangi yake ibaki. Juu udongo mweusi wenye mizizi ya migomba, kisha udongo mwekundu, kisha majivu ya mlima, laini kama unga wa ulezi. Chini yake changarawe za mto ambao haupo tena, na chini kabisa jiwe jeusi gumu ambalo zamani lilitiririka likiwa moto.

Siku ya kwanza darasa zima tuliandika kuanzia juu. Watoto wa mlimani, ungetegemea nini? Kwetu kila kitu hutoka juu, mvua, baridi, maji ya mfereji. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Ardhi hujengwa kutoka chini, alituambia, cha chini ndicho kilichotangulia, tukafuta tukaanza upya. Alikuwa na neno moja alilolirudia kila mara: andika unachokiona, siyo unachotaka kionekane.

Kati ya changarawe na jiwe jeusi ndipo maji yalipochuruzika. Bibi alichomeka hapo gamba la mgomba likawa mfereji mdogo, na sisi tulisubiri ndoo ijae huku vidole vimekufa ganzi. Kwa maji hayo alipika mtori, supu yetu nzito ya ndizi, na harufu yake ilitupokea njiani tukitoka shule. Maji ya bomba aliyaita maji ya hospitali, hakuyataka hata kuoshea vyombo.

Wazazi wetu walimwita yule mwalimu Mwalimu Matope. Walikwenda shuleni kulalamika kwamba sare zinachafuka wakati watoto wa mjini Bomang'ombe wanafundishwa Kiingereza, na masomo ya ngemani yakakoma. Baba mdogo, wakati huo kijana, ndiye aliyewasemea. Ninawakumbuka wamesimama na viatu vinavyong'aa, watu waliopita kwenye ngema ile kila Jumapili kwenda misa na hawakuwahi kugeuza shingo. Watu wa aina hiyo hawatoweki. Wanazeeka tu na kununua saruji.

Nilimuuliza baba mdogo maji yamekwenda wapi. Akanijibu, bila hata kuona aibu, kwamba yalikuwa yanachafua ukuta, kwa hiyo fundi aliyaziba kwanza. Na bibi je? Akanionyesha katoni za maji ya chupa zilizopangwa stoo. Wamekuwa wakimmiminia hayo na kumwambia ni ya ngemani.

"Jaza ya chupa umpelekee," akasema. "Mama hatajua. Kwa umri ule atajua nini?"

Nilimtazama, mwanamume mzima anayemdanganya mama yake kwa maji na kuudanganya ukoo mzima kwa rangi, na bado anangoja sifa. Nilimdharau papo hapo, na mpaka leo sijapata sababu ya kuacha. Matabaka yale yalikaa wazi miaka yote ya utoto wangu, mtu yeyote angeyasoma bure, na leo mtoto wa kwetu ataonyeshwa mawe ya fundi na kuambiwa ndiyo mlima.

Nilirudi na jagi tupu. Nje walikuwa wanachinja mbuzi, muziki uko juu. Niliketi ukingoni mwa kitanda nikamweleza bibi yote, saruji, mawe ya rangi, katoni, nikijua kwamba ninamvunja moyo. Aliweka mkono wake juu ya wangu.

"Maji ya chupa nayajua," akasema. "Nimewatuma wote, mmoja mmoja. Wote walirudi na jagi limejaa."