Kapinga, Wivu Wangu, na Mashine ya Mgodini

Siku moja haijapata kutoka machoni pangu, mwanangu: siku Kapinga alipoingia ofisini kwetu Kolwezi, zama zile za Zaïre, na shefu akampa meza ya dirishani. Meza ile nilikuwa nikiitamani tangu nilipoajiriwa.

Nilikuwa kijana wa mtaa wa Manika, na baba yangu alikuwa mchimbaji mwenye asili ya Kasai. Mimi nilisoma, nikapata kazi kwenye ordinateri, yaani kompyuta, ya mgodi. Mashine hiyo ililinda watu walioko chini. Ilipima kimo cha maji mle mahandakini, na maji yakipanda ilipiga kengele ili watu watoke. Lakini kumbukumbu yake ilikuwa imezeeka. Kipande kidogo kuliko punje ya ulezi kikiharibika, mashine iligundua kwamba imesoma uongo, na papo hapo ikazimika yote, na kengele pamoja nayo. Vipuri tuliambiwa tuvisubiri, tukavisubiri.

Ilibidi basi kurekebisha kiini, yaani ile programu inayoziamuru programu nyingine zote. Kiini kile kilijua dawa moja tu ya kumbukumbu mbovu: kusimamisha kila kitu. Kazi hiyo niliiomba mimi. Shefu wetu, Tata Mukendi, mzee mpole wa maneno machache, akampa Kapinga, binti aliyetoka Lubudi, ambaye hata njia ya kantini alikuwa bado anaiuliza.

Mwanangu, wivu ni kipofu anayeona kila kitu. Niliona viatu vyake. Niliona kwamba shefu anamwita "binti yangu", na mimi ananiita kwa jina. Akicheka, nilidhani ananicheka. Bukari, ugali wetu, haikushuka kooni, mpaka mama akadhani ni malaria, akanichemshia majani machungu. Niliyanywa. Ningemwambia nini?

Lililoniuma zaidi ni kwamba kazi yake ilikuwa nzuri. Kumbukumbu ikiharibika, kiini chake kiliuliza kwanza: mahali hapa ni pa nani? Ikiwa nakala safi ipo kwenye diski, tupa hii mbovu, usome ile. Ikiwa haipo, ua programu yenye mahali hapo peke yake, uianzishe upya, nyingine ziendelee. Ikiwa kilichoharibika ni kiini chenyewe, hapo simama kweli, maana mkuu aliyerukwa na akili hafai kuamuru. Kisha funga mahali pale, pasitumike tena. Nilisoma nikitafuta pa kucheka, nisipate.

Halafu nikapata. Kabla ya kupafunga mahali pabovu, kiini chake kilinakili kwanza vilivyokuwamo. Kunakili ni kusoma tena, na kusoma tena ni kuzua kosa la pili wakati la kwanza halijatibiwa. Ni kama mtu aliyemkimbia nyoka, kisha akarudi kumshika ahakikishe kama ni nyoka. Mashine ingeanguka vilevile.

Moyo wangu ulicheza ngoma. Nikakimbia kwa Tata Mukendi na karatasi mkononi.

"Tata, muangalie hapa. Hii kazi ya Kapinga itaua batu."

Akasoma bila haraka. "Ni kweli. Kosa iko. Ulimuambia yeye?"

"Hapana, Tata."

"Unakuya kunionyesha kosa, ao unakuya kunionyesha Kapinga?"

Nikaikunja karatasi yangu. Akavua miwani.

"Baba yako anashuka chini leo?"

"Ndiyo, Tata. Yeye na benzake."

"Batu beko chini ya udongo, na we unatafuta nani apate haya. Enda. Umuambie yeye wa kwanza, tena na sauti ya chini. Bazee banasema: mugeni akuye, mwenyeji apone."

Nikaenda. Nikamwonyesha Kapinga ule mstari. Akautazama, kisha akajipiga paji la uso.

"Pale palikuwa pananisumbua, sikujua ni nini." Akaniangalia. "Kumbe unajua kusema? Mi nilizania uko bubu."

Tulikaa pamoja tukaondoa ule mstari. Tukachomeka kadi ya kumbukumbu ya zamani iliyokufa nusu, makusudi, tukaona mashine ikijikwaa na kusimama tena, tena na tena, hadi tukaamini.

Mvua kubwa ilikuja mchana mmoja. Kumbukumbu ikaharibika tena. Nilikuwa nimesimama pale. Mashine ikaandika kwamba imefunga mahali pamoja na kuua programu ya taarifa za uzalishaji. Programu ya maji ikaendelea. Haukupita muda, kengele ikalia. Watu walipanda wakiwa na tope hadi kifuani, na baba yangu alikuwa miongoni mwao, akipiga chafya.

Wakubwa wakamshika Kapinga mkono, wakampa safari ya masomo Ulaya. Jina langu halikutajwa. Niligonga makofi hadi viganja vikawaka. Jioni baba yangu mwenyewe alimpelekea jogoo, akamwita mwokozi wake, nami nimeshika miguu ya jogoo huyo. Nilitaka kusema, "Baba, hata mimi." Nikamkabidhi Kapinga jogoo.

Sikudanganyi, mwanangu: wivu ule haukuisha siku ile. Uliendelea kunitafuna hata barua za Kapinga kutoka Ulaya zilipoanza kuja. Lakini baba alikuwa nyumbani, anakoroma.

Basi shika haya. Wivu ukiingia moyoni usijilaani, huingia kwa kila mtu; ila usiupe kazi ya kufanya. Ukiona kosa la mwenzako, liseme kwake kwanza, upesi, bila watazamaji, maana chini ya kosa hilo huenda amesimama mtu wako. Kidole kimoja hakivunji chawa, hata kama sifa ya kuua chawa itapewa kidole kingine.

Mungu akupe kazi ya maana na wenzako wanaokuzidi. Akupe pia moyo wa kuwavumilia. Uende salama, urudi salama, na wale unaowapenda warudi wote.