Kilo za Dada

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa mpimaji katika mnada wa ng'ombe, na watu walimwita Mizani. Alikuwa mzito wa kucheka, mwepesi wa kukosoa. Mimi nauza chai kwenye kibanda kando ya lango la mnada huo, kwa hiyo nilimwona kila siku ya kazi na mabuti yake ya mpira na koti la kaki lenye harufu ya zizi. Nilimpenda kidogo na kumchoka sana.

Kazi aliijua, hilo simnyimi. Kuna wauzaji wanaomlambisha fahali chumvi, kisha wanamwacha anywe maji mpaka tumbo liwe ngoma, apande mizani akiwa na kilo za bure. Mizani alimgonga ubavuni kwa ngumi, akasikiliza, akasema, "Huyu akalale zizini, hana maji, hana majani. Nitampima kesho." Muuzaji akilia, shauri yake. Alinieleza, nitake nisitake, kwamba ng'ombe wawili hulingana kilo wasilingane nyama: mmoja mifupa na utumbo, mwenzake maksai aliyelishwa vizuri, mgongo wote umefunikwa mafuta. Kwamba aliyeswagwa njia ndefu hupungua kabla hajafika langoni. "Toa tumbo kwanza, shemeji," alikuwa akisema, "ndipo tuzungumze habari za kilo."

Kisha dada akaugua. Alikohoa, akakonda mpaka pete ikawa inamvuka yenyewe kidoleni. Alipotoka hospitali baada ya kulazwa siku nyingi, muuguzi alituambia mlangoni, "Mleteni kliniki tarehe yake. Na akianza kupungua, msingoje tarehe, mrudisheni siku hiyo hiyo." Tangu hapo uhai wa dada ulikaa kwenye kilo, na sote tulilijua hilo.

Mizani hakuamini mizani ya mtu mwingine. Kila Jumapili mchana, mnada ukiwa umefungwa, aliisugua kwa sabuni na maji ya moto ile mizani ndogo ya ndama, akatandika shuka safi, akamshika dada mkono na kumpandisha. Mpaka hapo sina neno. Kilichonichoma, na kinanichoma hadi leo, ni kwamba alimzuia kula na kunywa tangu alfajiri.

"Hata chai?" niliuliza.

"Hata chai, shemeji. Nataka kilo zake yeye, sitaki kilo za uji."

"Mwache," dada akasema huku akicheka. "Huyu ameshaniona mtamba wa mnadani."

Kilo zikapanda. Jumapili ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, na ile iliyofuata Mizani alicheka kwa sauti mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Aliwasimulia wapakiaji, wauzaji, hata watu waliokuja kuulizia mbuzi. Majirani nao wakamwona dada uso umejaa, wakampongeza kwa kunawiri. Tarehe ya kliniki ilipofika, Mizani akasema kumkalisha mtu aliyenenepa kwenye foleni ya wagonjwa ni kumtafutia ugonjwa mwingine. Nilimwambia tarehe ni tarehe. Akaniambia niuze chai.

Haukupita muda mrefu akaletwa ng'ombe jike mpana wa kifua, kidevu kimejaa. Alikuwa amelazwa zizini na njaa yake kama kawaida, na bado alipopanda mizani wapakiaji walipiga mbinja. Mizani hakupiga. Aliinama, akabonyeza kwa dole gumba chini ya taya, akaondoa mkono. Shimo likabaki palepale.

"Mnaona?" akawaambia. "Haya si maji ya tumboni, hata umshindishe njaa wiki nzima hayatoki. Yako chini ya ngozi. Huyu mgonjwa, ndani imebaki mifupa mitupu. Mwondoeni."

Nilikuwa nimeshika birika. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemwosha dada miguu, na mkanda wa ndala ulikuwa umeacha mfereji ambao haukutaka kujaa. Nilidhani ndala zinambana, nikamwahidi kubwa zaidi.

"Shemeji," nikasema, "mguu wa dada uko hivyo hivyo."

Alifungua mdomo anikaripie, akalitazama tena lile shimo. Kisha akatoka mbio na mabuti yake, ng'ombe amemwacha juu ya mizani.

Tulimkuta dada amekaa kitini karibu na mlango akikunja nguo. Mizani alipiga magoti bila salamu, akambonyeza mguu juu kidogo ya kifundo. Shimo. Akapanda chini ya goti. Shimo. Akaenda pajani. Alikuwa anatafuta mahali nyama inapoanzia, na hakupaona.

Tulimkimbiza hospitali, na daktari alisema moyo ulikuwa umelegea siku nyingi, maji yakawa yanajaa mwilini. Akaongeza kwamba kama angeletwa tarehe yake, halafu akatutazama, akageukia faili. Dawa ziliyatoa maji. Kila siku dada alipungua, na aliyebaki kitandani maji yalipoisha alikuwa amekonda kuliko yule wa mwanzo. Siku zile nilimchukia shemeji yangu. Sisemi nilimkasirikia. Nilimchukia.

Mchana mmoja, Mizani ametumwa dawa, dada akanivuta mkono.

"Nilijua," akasema. "Viatu vilinikataa mapema. Pumzi ikawa fupi, nikawa nalala nimekaa."

"Ukanyamaza?"

"Kila Jumapili nilitaka kumwambia. Lakini ulimwona alivyokuwa akisoma ile namba? Ndoa yetu yote sijamwona akicheka vile. Nikawa nasema, acha, nitamwambia wiki ijayo." Alipumzika kidogo. "Usimwambie."

Alifariki siku hiyo, kabla jua halijazama.

Baada ya maziko Mizani alirudi kazini, maana ng'ombe hawangoji matanga ya mtu. Alipima vizuri kama zamani, ila hakunieleza tena chochote. Siku moja akaja kukaa kwenye benchi langu, akaweka kikombe chini bila kukigusa.

"Shemeji," akaniuliza, "dada yako hakuwahi kukwambia kitu? Hakusikia lolote mwilini?"

Mimi si mtu wa kufunga mdomo, waulizeni wapakiaji. Na maneno ya kumwambia huyu mtu nilikuwa nayo tele, nimeyapanga tangu hospitali. Nikamtazama. Shingo ilikuwa imeingia ndani ya koti, na mikono imetulia magotini, mitupu.

"Hapana, shemeji," nikamwambia. "Alidhani ananenepa."