Ukuta wa Mwisho wa Mabwana wa Handaki

Asubuhi moja mwaka 2017 nilitoka chumbani kwangu Sparkbrook, huku Uingereza, bila kujua naenda wapi. Kiwanda cha mikate kilikuwa kimenipunguza kazini, na kukaa ndani kulinichosha kuliko kazi. Nilipanda basi lililosimama mbele yangu, nikashuka karibu na Shard End kwa sababu niliona watu wamepiga magoti matopeni ndani ya uzio. Nikauliza wanatafuta nini. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeajiriwa, nimevaa kofia ngumu.

Nyinyi mnaoitaka kazi hii ya kuchimba mambo ya kale, jueni kwamba jembe hutumika kidogo. Chombo chetu ni mwiko, kama wa mwashi lakini mdogo, umenolewa kingo. Unakwangua ukirudi nyuma, usikanyage ulipokwisha kusafisha. Udongo ukibadilika rangi, simama: hilo ni tabaka jingine, la enzi nyingine.

Msimamizi wetu, mama wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu, alitueleza nyumba ya kale tuliyokuwa tukiifukua ilikuwa ya nani. Ulikuwa ukoo wa mabwana wa Kiingereza. Wa kwanza alipewa na mfalme ruhusa ya kufungua soko langoni pake. Mwanawe akazungushia nyumba handaki la maji, kwa fahari zaidi kuliko ulinzi. Mjukuu akajenga kwa mawe. Baadaye wakaunga mkono upande ulioshindwa vitani. Mashamba akapewa jirani, mrithi akabaki na jina, kisha jina nalo likapotea.

Mimi ni Msomali wa Garissa. Shule niliiacha darasa la sita, lakini hata kabla ya shule nilikuwa nimekaririshwa mababu zangu, baba kwa baba, bila kukwama. Kwa mazoea hayo nikawashika kichwani na hawa mabwana. Nilikwangua nikiwataja, kutoka wa mwisho hadi mwenye soko. Wanangu hunijibu kwa Kiingereza, na wakitaja mababu hawavuki babu yangu.

Siku moja mwiko wangu uligonga jiwe. Kilikuwa kipande cha ukuta, kimo cha goti, ndicho pekee kilichosalia cha nyumba nzima. Nilikisafisha kwa brashi hadi chokaa ikaonekana. Nilitaka kibaki, basi. Msimamizi akapiga picha, akachora kila jiwe.

"Mzee Abdi, kesho tunautoa."

"Tunaupeleka wapi?"

"Tunauvunja, tuone chini. Wajenzi wanangoja kiwanja. Ukishachorwa umehifadhiwa, mzee. Hiyo ndiyo kazi."

"Mama, mchoro si ukuta."

"Sasa nifanye nini? Niutie mfukoni?" Hakuwa akicheka.

Papa Kalume, mwenzangu kutoka Bukavu, ndiye aliyecheka. "Vieux, mzee wangu, unalilia bazungu ya zamani? Bangekuona pa mlango, bangekuachilia imbwa!"

Nikacheka nami. Kesho yake nikapewa sururu, kwa kuwa viungo vya ukuta ule nilivijua mimi. Kila jiwe nililitajia mmoja wao. Majina yaliisha mawe yakiwa bado. Chini tulikuta udongo wa manjano, ule tunaouita asilia, usioguswa na mkono wa mtu tangu dunia iwe. Hapakuwa na kitu kingine.

Nilichimba hadi magoti yalipokataa, Longbridge na kwingineko, chini ya wakuu wengine, na kila mmoja alinirudia neno lile: ukishachorwa umehifadhiwa. Sijakutana na mtu aliyewahi kuutazama mchoro ule. Mimi mwenyewe siku hizi nikianza kuwataja mababu zangu, hao mabwana huingia katikati, na nikiwatoa, natoa na wangu.

Nilipostaafu nilifunga begi, nikapanda treni hadi mji ambao sikuwahi kuuchimba. Bibi mmoja wa Kizanzibari alikuwa na chumba cha kupangisha.

"Ulikuwa ukifanya kazi gani, baba?"

"Kuvunja nyumba."

"Za watu?"

"Za watu."

Akanitazama kidogo, kisha akanipa ufunguo.