Posa ya Kanada

Niliondoka Msambweni kwa sababu Kanada ilikuwa inanihitaji. Nisingeliamini, ila wakala mmoja wa kutoka Nairobi alilisema redioni kwa kinywa chake: nchi ile imepungukiwa na mafundi wa kuchomelea vyuma, na fundi anayefaulu hupewa ukaazi wa kudumu, yeye na mkewe na watoto. Masikini Kanada! Utajiri wote ule, na hana wa kumchomelea geti.

Hilo la mke na watoto ndilo lililoniinua. Uarabuni nilikwisha kwenda kwa mkataba wa mtu mmoja, na niliporudi, binti yangu Zuhura alijificha nyuma ya mamake akasema kuna mgeni mlangoni. Iliniuma, na niliapa sitatoka tena bila wao. Hapa nyumbani nako hoteli za Diani hunikumbuka watalii wakija, na watalii wakiondoka hata simu yangu haipokewi. Kama palikuwa na njia ya kutoka sote pamoja, ilikuwa hiyo.

Msambweni, alfajiri ya siku ya usaili, uliokuwa ufanyike Kwale. Mke wangu Mwanakombo alinipigia shati pasi. Uani alinisubiri Ami Saidi, ndugu wa marehemu babangu, mzee aliyenilea. Alikuja jana yake kutoka Shimoni na kanzu mpya na kofia ya vito. Msomaji wa kwetu hataniuliza Ami alikuwa anakwenda wapi. Mtu mwenye watu wake haendi kujiombea mwenyewe. Ukitaka mke, kiwanja au kazi, mkubwa wako hutangulia kukusemea, nawe kazi yako ni kutazama mkeka. Kanada ni kubwa kuliko kiwanja, basi ningeiendeaje bila mshenga?

Ukunda tulishuka ili Ami anunue halua, maana mkono mtupu haulambwi. Nilimwambia huenda wale wa usaili hawali halua.

"Kwani wao si watu?" akaniuliza.

Tulipoendelea na safari nilimwonyesha geti la ghorofa moja kando ya barabara, lenye maua ya chuma niliyoyakunja kwa mikono yangu. Aliniziba mdomo kwa leso yake. "Usijitie jicho siku kama ya leo."

Kombani tulibadili gari kupanda kilima. Njia nzima midomo ya Ami ilicheza, anapanga maneno. Tulipofika Kwale upepo ulivuma kidogo, naye akajifunga shali na kuniambia nianze kuizoea baridi ya Kanada. Nilimshukuru kwa mafunzo hayo.

Kwale, saa za asubuhi. Usaili ulikuwa katika ukumbi wa kukodi. Vijana walijipanga mlangoni kila mtu peke yake kama mayatima, nami niliwahurumia kwa kukosa wazee. Ndani alikaa msaili, Bi Nyambura, dada wa kutoka bara, na kompyuta yake. Shikamoo hatukupewa, tulipewa "sasa".

"Sasa, anayetafuta kazi ni nani kati yenu?"

"Ni sisi sote, mwanangu," Ami akajibu, akaiweka halua mezani.

Bi Nyambura akasogeza kiti nyuma. "Mzee, hapa hatuchukui hongo."

"Hongo? Hii ni halua."

Aliisukuma pembeni kwa kalamu, akanigeukia mimi. "Umefanya hii kazi miaka ngapi?"

Kabla sijafungua kinywa, Ami alikohoa kikohozi chake cha shughuli. "Mwanangu, tumekuja kwa unyenyekevu. Kijana wetu huyu si lolote si chochote. Hajui kitu, ni kujaribujaribu tu. Mkimpokea mtakuwa mmetusitiri."

"Hajui kitu?" Bi Nyambura aliuliza, vidole tayari kwenye kompyuta.

"Hajui, mwanangu. Ninyi ndio mtakaomfunza."

"Ni ukweli?" akaniuliza.

Ningefanyaje? Nimkanushe mzee wangu mbele ya watu, akiwa ndani ya kanzu mpya? Picha za mageti yangu na ngazi za mabwawa ya kuogelea zilikuwa kwenye simu, mfukoni. Nilitafuta mkeka wa kuutazama, sikuuona, nikatazama saruji.

"Ni kama alivyosema Ami."

Akaandika. Niliisikia kila herufi. "Sisi tunapeleka mafundi," alisema. "Wenye hawajui kazi hatuwapeleki." Kisha alimtazama Ami, akanitazama mimi, na nadhani alituonea huruma. "Jumatatu tunamalizia. Ukitaka, rudi. Lakini uje peke yako, na useme kile unaweza."

Njiani kurudi Ami alikuwa na furaha tele. "Hawakutukataa," alisema. "Ni posa gani hujibiwa siku ya kwanza?" Halua tuliila wenyewe kabla ya Ukunda.

Msambweni, jioni. Mwanakombo alinisikiliza huku akimenya muhogo, akacheka hadi akakiweka kisu chini. Kisha akaacha kucheka.

"Maneno hayo hayo Ami aliyasema kwetu alipokuja kukuposea. Si lolote si chochote. Baba akajua umetoka kwa watu wenye adabu, akanitoa."

"Basi?"

"Basi Kanada si baba yangu."

Tangu usiku huo alinifunza kujisifu. "Mimi ni fundi hodari," nilisema, na kila mara nikaongeza "kidogo", naye akanirudisha mwanzo, Zuhura akishangilia mapajani mwangu.

Jumatatu, alfajiri. Nilifungua mlango nikamkuta Ami uani, kanzu imepigwa pasi, halua mpya mkononi. Kujisifu nilikuwa nimekwisha kujua. Hili la kumwambia yeye sikufunzwa na mtu.

"Ami, leo nakwenda peke yangu."

"Nani atakusemea?"

"Nitajisemea."

"Na huko kwenyewe ukifika?"

"Huko pia nitajisemea, Ami. Siku zote."

Alikaa kizingitini taratibu, akaniwekea halua mkononi. Nilitaka kulia, na sikuona haya.

"Kumbe kuhama kunaanza leo," alisema. "Mimi nilidhani mpaka ndege."