Mkoba Aliomshonea Tereza

Mwandishi wa habari hii aliuona mkoba kabla ya kumjua aliyeushona, na hapo ndipo alipokosea. Ulikuwa umetundikwa msumarini katika nyumba moja ya Nyasura, mjini Bunda: turubai la kijani lililopauka, mifuko midogo kwa mikubwa, na pembeni ukanda mrefu uliochakaa ncha. Aliyekuwa akiutazama alikuwa mtu wa vyuo, mwepesi wa kuhitimisha. Akasema moyoni kwamba fundi wa mkoba kama huu lazima awe mama wa watoto wengi, aliyejifunza kila mshono kwa kusafiri nao. Hitimisho hilo lilikaa vizuri kichwani. Kasoro yake ni kwamba halikuwa kweli. Wankyo hakuzaa.

Alikuwa mjane wa Butiama, na alikuwa akishona katika baraza ya duka moja pale Mwisenge, Musoma. Mumewe alikufa bila kuacha mtoto, na kwa desturi ya kwao nyumba ya namna hiyo haiachwi izimike. Mwanamke mwenye ng'ombe wake anaweza kumwoa mwanamke mwenzake. Huyo akizaa na mwanamume ampendaye, watoto ni wa nyumba iliyotoa ng'ombe. Ndoa hiyo huitwa nyumba ntobu. Wankyo akatoa ng'ombe, akamleta Tereza. Tereza akamzaa Ryoba, kisha Gati, na wote wawili wakapewa jina la marehemu. Tereza alimwita Wankyo mama. Watoto walimwita bibi. Mjini, ambako kwa miaka alikuwa "fundi" tu, watu wakaanza kumwita Bibi Ryoba. Akajizoeza kutoitika mara ya kwanza, ili aitwe tena.

Lakini watoto hakuwa nao. Operesheni ya vijiji ilipopita, Tereza alihamishwa pamoja na wenzake kwenye kijiji kipya nje ya Butiama, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi, na shamba lilihitaji mtu. Wankyo akabaki na cherehani yake mjini, chumba kimoja, sufuria moja. Jioni alipika ugali wa mtu mmoja na daima ulizidi, kwa sababu mkono wake haukutaka kujifunza kipimo hicho.

Ryoba alikuwa na kifua. Vumbi la kiangazi likiinuka, pumzi yake hupiga mluzi, na hapo ni lazima afikishwe hospitali Musoma. Tereza hakuweza kumleta peke yake. Gati yuko mgongoni, Ryoba anavutwa mkono, tenga la nguo na chakula liko kichwani. Basi likifika, tenga linatupwa juu ya keria, na likishaondoka tu mtoto analia uji, nao uji uko juu ya keria. Kwa hiyo Wankyo alikuwa akienda kuwachukua. Alimpakata Ryoba tangu Butiama hadi Musoma, kichwa cha mtoto kikinuka moshi na maziwa, magoti yakifa ganzi, wala hakubadili mkao. Hakumwambia mtu, ila safari zile ndizo zilizokuwa uzazi wake.

Kisha serikali ikatangaza kwamba kila mtoto aende shule, na sare zikamiminika barazani kwake kama mvua ya mawe. Katikati ya kaki na mashati meupe, kondakta mmoja akamletea salamu: mtoto kazidiwa. Wankyo alikuwa ameahidi sare za shule nzima. Akamaliza kwanza, ndipo akaenda. Alimkuta Ryoba midomo imebadilika rangi, na Tereza amekaa mlangoni na tenga lililofungwa tayari, akisubiri mkono wa tatu. Hospitalini mganga alimpokea mtoto bila kuwatazama wakubwa.

"Huyu mngemleta jana," alisema.

Ryoba alipona. Lakini Wankyo alirudi barazani na jambo moja tu kichwani: Tereza lazima aweze kusafiri bila kumngoja mtu.

Alianza kwa kufikiri juu ya mikono. Mzigo wa mama mwenye watoto wadogo haupaswi kushikwa. Basi ukae kifuani, ulingane uzito na mtoto wa mgongoni, ili mmoja amshikilie mwingine. Akanunua kipande cha turubai la lori. Akaugawa mkoba sehemu mbili zilizounganishwa kwa vifungo: ya chini, kubwa, ifunguliwe ipande juu ya keria, ya juu, ndogo, ibaki mapajani na vitu vya njiani. Kila mtoto akapata mfuko wake, wa Ryoba umetiwa kiraka cha kaki na wa Gati cha kanga, mama aujue kwa kupapasa. Vitambaa vilivyolowa akavitengea mfuko uliofunikwa ndani kwa nailoni ya gunia la mbolea, visiloweshe vikavu. Chupa ya uji ikasimamishwa katika ala, isilale.

Hakuwa na mtoto wa kujaribia. Akafunga furushi la unga wa udaga, muhogo mkavu, kwa mbeleko, akalitia mgongoni, akavaa mkoba kifuani, akatoka barabarani kwenda na kurudi. Ursula, jirani yake muuza furu, samaki wadogo wakavu wa ziwani, alikuwa wa kwanza kumwona.

"Bibi Ryoba! Huyo mtoto mbona halii?"

"Kalala."

"Atalalaje na jua hili? Mgeuze tumwone. Ee, mweupe kweli! Baba yake nani, mzungu wa misheni?"

"Baba yake mwenye mashine ya kusaga."

Wanawake wakacheka hadi wakashika mbavu, na Wankyo akacheka nao. Kisha bibi mmoja aliyekuwa akipita akasimama, uso umekunjamana.

"Mbeleko haibebagi unga, binti," alisema. "Unaita nini wewe?"

Kicheko kikakatika. Wankyo alijua mwiko huo. Kila mtu wa kwao aliujua. Mbeleko ni ya mtoto, na anayeifungia kitu kingine anajitakia mgongo mtupu. Alifungua furushi na kurudi ndani. Lakini alijiuliza, na labda kwa haki, mgongo wake ungewezaje kuwa mtupu kuliko ulivyokuwa.

Tereza alipoletewa mkoba kijijini, aliugeuzageuza, akapapasa viraka, akauvaa. Kisha akaangua kicheko.

"Mama, sasa Gati atanyonya wapi?"

Wankyo hakuelewa.

"Huu ukanda umepita juu ya ziwa. Akilia njiani nifungue bizimu hizi zote kwanza? Atakuwa amekufa na njaa!"

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa msichana, na jambo lilikuwa la kuchekesha. Wankyo alichukua mkoba, akauweka mapajani, akautazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Bizimu, mifuko, nailoni, vyote alivifikiria. Ziwa hakulifikiria, kwa kuwa lake halikuwahi kuitwa. Ryoba akaja kuegemea goti lake, akauliza kama ukanda uliobaki ni mkia wa ndama.

"Ni mkia," alisema Wankyo. "Unaushika, ndama asikupotee."

Hivyo ndivyo ukanda wa pembeni ulivyopatikana, Ryoba aushike wakitembea sokoni au stendi, mikono ya mama ibaki huru. Na kuhusu ziwa, Wankyo aliziondoa bizimu, akatia kitanzi cha ngozi na kijiti cha mti mgumu. Ukikisukuma kwa kidole gumba, mkoba mzima huinamia upande mmoja na mtoto hupata nafasi. Alikuwa akikisugua kijiti hicho kwa msasa kila alipongoja wateja, hadi kikawa laini kama jino.

Mara ya kwanza Tereza alipokuja Musoma peke yake, Wankyo alisimama stendi mikono imenyooshwa tayari. Basi likasimama. Tereza akateremka Gati akiwa mgongoni, mkoba kifuani, kanga haikulegea hata pembe moja. Nyuma yake Ryoba, ameshika mkia.

"Bibi, mimi sikubebwa!" alisema kwa majivuno. "Nimekaa kiti changu."

"Umekaa kiti chako?"

"Uji nimekunywa mwenyewe."

Wankyo alimsifu. Akatafuta kitu cha kupokea, hakukiona, akaishusha mikono yake taratibu.

Habari za mkoba zikaenea. Wake za walimu waliokuwa wakihamishwa vituo, wake za makarani waliopanda meli kwenda Mwanza na watoto wao, wote walikuja barazani. Kila mmoja Wankyo alimwuliza ana watoto wangapi, nao wadogo kiasi gani, maana hakuwa akipima mama tu, alikuwa akipima familia. Kazi ikawa nyingi. Wanawake wakaondoka mmoja mmoja, mikono huru, na yeye akawasindikiza kwa macho hadi kona.

Kiangazi kilichofuata Tereza alituma salamu kwamba analeta mtoto, kifua kimeanza. Wankyo akapika uji, akaenda stendi. Basi la Butiama likaingia, likamwaga watu, mbuzi, magunia. Tereza hakuwamo. Akamfuata kondakta.

"Yule mama wa mkoba wa mbele?" kondakta alisema. "Alipanda. Kashukia Makutano."

"Makutano? Kufanya nini?"

"Kavuka barabara, kasimamisha basi la Bunda. Nikamwambia nikusaidie mtoto, akasema hapana, anaweza. Bibi, ule mkoba nani anashonaga? Mke wangu anasumbuaga kweli safarini."

Wankyo alimwambia ni yeye anayeshona, Mwisenge, baraza ya pili kutoka kisimani. Hata katika saa ile alimwelekeza vizuri.

Bunda kulikuwa na Burito, fundi baiskeli wa Nyasura, mwanamume aliyewazaa Ryoba na Gati. Kwa desturi hakuwa kitu kwao. Werema, shemeji yake Wankyo na mkubwa wa ukoo, alipopata habari hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba watoto ni wa nyumba ya ndugu yake, na aliyewatolea ng'ombe akawachukue. Sheria ilikuwa upande wa Wankyo. Ng'ombe wa Tereza hawajarudishwa, basi watoto hawana mlango mwingine. Akapanda basi kwenda kuwarudisha, na njia nzima hapakuwa na mtu mapajani mwake.

Nyasura alimkuta Burito nje, ameshika gurudumu. Aliinuka, akafuta mikono kwenye suruali, akamwamkia kwa adabu. Kabla Wankyo hajaitikia, mtoto akatoka mbio.

"Baba! Baba, bibi amekuja!"

Yale maneno mawili, baba na bibi, yalitoka kinywani mwake yakifuatana bila kugombana. Wankyo akapewa kigoda. Tereza akaja, akapiga magoti, akabaki hapo.

"Mama, ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa."

"Ndiyo maana."

Burito aliongea akitazama gurudumu. "Mimi, mama, nilikuwaga nikienda kule, mtoto ananiamkia kama mgeni aliyeleta barua. Halafu ananikimbia."

Wankyo alimtazama Ryoba, aliyekuwa ameshaanza kumwonyesha jinsi kengele ya baiskeli inavyolia.

"Kifua?" aliuliza.

"Hakikuwa kimeanza," Tereza alisema kwa sauti ndogo. "Nilisema tu hivyo, nipate kuondoka. Na hapa dispensari naifika kwa miguu."

"Na njiani? Kijiti hakikukwama?"

"Hakikukwama, mama."

"Gati alinyonya?"

"Alinyonya, tena Makutano pale pale, nimesimama."

Wankyo akatikisa kichwa kama fundi anayeikubali kazi. Aliomba maji, akayanywa yote. Tereza alikwenda kuwakusanyia watoto nguo, akizipanga mkobani huku akilia, kwa sababu alijua sheria kama wote walivyoijua. Wankyo alimwacha apange hadi mwisho. Kisha akausimamisha mkoba ukutani, akamshika Ryoba kichwani, kidogo, akaenda stendi peke yake.

Werema alikuwa akimngoja Butiama.

"Shemeji, watoto wako wapi?"

"Kwa baba yao."

"Baba yao amelala hapa nyuma ya nyumba. Mimi ndiye niliyemzika."

"Ng'ombe wamerudi, Werema. Burito amewarudisha."

"Mbona sisikii kengele?"

"Nimewaweka kwa mtu wangu Ikizu. Hapa kijijini mngewalisha nini, mabati?"

Kuweka ng'ombe katika boma la rafiki ni jambo la kawaida, hasa mwaka ule malisho yalipobanwa. Na ng'ombe wakirudi, watoto huenda. Werema alitema mate kando, akamwambia kwamba ameizima nyumba ya ndugu yake kwa mkono wake mwenyewe. Wankyo akasema ndiyo.

Watu wa Mwisenge nao walimhukumu. Ursula, aliyependa mzaha kuliko haki, alisema fundi kapewa achague kati ya wajukuu na mikia ya ng'ombe, akachagua mikia. Jina la Bibi Ryoba likafifia midomoni mwa watu, akarudi kuwa fundi. Hakujitetea. Mikoba aliendelea kushona, mpaka macho yalipokataa uzi. Nyasura hakwenda tena. Huenda aliona haya, huenda aliogopa kwamba akienda mara moja angekwenda kila wiki. Hilo hakuna awezaye kulisema kwa uhakika, na mwandishi huyu amekwisha kukosea mara moja.

Alifariki masika moja, chumbani kwake. Alipokwisha kuzikwa, Werema alifunga safari hadi Ikizu kuwachukua ng'ombe wa ukoo pamoja na uzao wao. Mwenye boma alimkaribisha, akampa maziwa, akamsikiliza hadi mwisho. Alimfahamu Wankyo, alisema, aliwahi kumshonea binti yake mkoba wa safari. Ila ng'ombe hakuletewa hata mmoja. Burito naye, alipoulizwa Nyasura, alishangaa: hakuwahi kudaiwa ng'ombe, wala hakuwahi kurudisha, miaka yote hiyo alidhani ukoo ulikaa kikao, ukamsamehe.