Kwaya Iliyopanda Gari la Jirani

Nitasema ukweli: nilimwonea jirani yangu wivu mpaka chakula kikawa hakipiti. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, magari ya mtumba yakaanza kuingia Songea, nasi wawili pale Mjimwema tukanunua vigari vya abiria vya aina moja, vya dizeli, vikuukuu. Baridi ya Juni ilipoingia ndipo vikatofautiana. Chake alfajiri kinawaka mara moja. Changu kinakohoa, kinatoa moshi mweupe, kinazima. Mimi nimechutama na jiko la mkaa chini ya injini, napuliza mpaka machozi, yeye anapita anapiga honi. Honi ya nini sasa?

Hata kikiwaka, hita ilipuliza baridi mpaka tukaribie Madaba. Abiria wakasema nawabeba kama samaki wa barafu.

Mke wangu alikuwa mwanakwaya wa parokia. Kwaya ikialikwa Madaba, gari ni langu, halina mjadala. Jumapili moja ya Julai natoka na jiko langu, nawakuta wanapanda la jirani. Na mke wangu yumo! Kiti cha mbele, jamani, ameshusha khanga mabegani kwa joto, anacheka. Nyumbani siku hizo alikuwa hacheki nami. Niliumia, sifichi.

Kesho yake nikameza kiburi, nikamfuata jirani.

"Umetia dawa gani kwenye gari lako?"

"Dawa ipi, jirani? Twende nilione lako."

Tukahangaika mpaka likawaka. Akanyanyua kiti kinachofunika injini, akanishikisha mpira wa juu wa rejeta. Ulishaanza kupata uvuguvugu.

"Ulitakiwa uwe baridi bado," akasema. "Thamostati huna, ile inayozuia maji injini ikiwa bado baridi. Maji yanakimbilia kwenye rejeta kabla injini haijapata moto. Hita itapata wapi joto?"

Nikakumbuka. Wakati wa joto, nikielekea Tunduru, injini ilichemsha, nikamwamuru fundi aing'oe thamostati kabisa, maji yapite bila kizuizi. Madereva wote tulifanya hivyo, tukajiona wajanja. Jirani, baridi ilipoanza, aliirudisha yake. Na kuhusu kuwaka, fundi alikuta hita plagi, zile zinazopasha moto injini ya dizeli kabla ya kuwaka, mbili kati ya nne zimeungua.

Fundi akarudisha thamostati na kubadilisha plagi, na kesho yake alfajiri gari likawaka mara moja. Nikamwita mke wangu, nikamketisha mbele, na haukupita muda hita ikampulizia moto miguuni.

"Kumbe ilikuwa thamostati na plagi!" nikasema. "Ningejua mapema, mama, usingepanda la watu."

Akanigeukia.

"Nilikwambia tangu Juni. Jirani alinieleza pale bombani kwamba yeye amerudisha thamostati, nikaja nikakwambia. Ukasema magari niwaachie wanaume, mimi nikaimbe. Basi nikaenda kuimba."

Ni kweli alisema. Siku ile ya Juni niliposikia tu kwamba maneno yametoka kwa jirani, sikumwacha amalize.